Mama Barafu na Tabaka Mbili za Chapchap

Kazi ya shemeji yangu ni kuvunja vyuma. Si chakavu, hapana. Ni vyuma vipya kabisa, vimechomelewa jana au juzi, vinaletwa maabara kwetu na watu wenye mashati yaliyopigwa pasi. Yeye anavigandisha, anavivunja, anaandika namba, kisha anawarudishia vipande vyao. Wenye kampuni za ujenzi wanamwita Mama Barafu, na wanalitaja jina hilo wakishatazama nyuma kwanza. Kwangu mimi ni shemeji tu. Aliolewa na kaka yangu mkubwa nikiwa bado nasoma, akanilisha, akanifokea, na siku moja akanikimbiza na ufagio hadi barabarani kwa sababu niliingia na matope sebuleni.

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi si mtu wa kusamehe. Kuna waliojaliwa moyo huo, nawapongeza. Mimi sikugawiwa, na shemeji yangu ndiyo kabisa, hana hata kidogo cha kuazima. Anayetaka kusikia habari za watu wapole aende akasikilize kwingine.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea. Mji wetu uko juu, miezi ya baridi maji yanaganda kwenye ndoo, na ardhi yetu nayo ina tabia ya kutikisika bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo nguzo za chuma hapa haziungwi hivihivi. Mwaka mmoja kaka alipata kazi kwenye ghala la baridi, jengo kubwa la kuhifadhia nyama, ambalo ndani yake ni baridi kuliko nje mwezi wowote ule. Karatasi ya kazi ilisema kila kiungo kichomelewe kwa tabaka tisa nyembamba, na kila tabaka ipoe kwanza ndipo iwekewe nyingine. Ni kazi ya kutwa nzima. Lakini ukizidisha moto ukamwaga tabaka mbili nene, unamaliza kabla ya chai, na kiungo kinatoka kimenona, laini, kinang'aa, hata wewe ungekisifu. Kumbe ndani kimeungua. Kwenye joto kitakuvumilia miaka. Kitie baridi kali halafu kipate kishindo cha ghafla, kinakatika kama biskuti.

Msimamizi wa kazi ile alikuwa bwana mmoja mfupi, mwenye saa kubwa mkononi, ambaye neno lake lilikuwa moja tu: chapchap. Jua likichomoza, chapchap. Mtu akienda haja, chapchap. Jina likamganda. Yeye ndiye aliyeamuru tabaka mbili. Kaka alirudi nyumbani siku ile akatupa glavu ukutani.

"Eti mbili! Nimemwambia haifai, ananijibu nje kuna mafundi ishirini wanaitaka nafasi yangu."

Baba yetu alikuwa amelazwa hospitali wakati ule. Kesho yake kaka akaenda akapiga mbili. Hilo silifichi, maana nikilificha nitakuwa sawa na huyo ninayemsema.

Tetemeko lilikuja mwaka uliofuata, asubuhi, watu wanakunywa chai. Lilikuwa dogo la kutia aibu. Nyumbani kwetu kilianguka kikombe kimoja. Lakini kule ghalani boriti moja ya paa ilikatika kwenye kiungo, na chini yake alikuwapo kaka, ameitwa kurekebisha rafu, pamoja na wapakizi wawili. Walikufa wote watatu.

Chapchap alikuja msibani. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya huzuni kama mtu mwema, "Jamani, tusitafute mchawi. Marehemu mwenyewe ndiye aliyechomelea pale." Na tume iliyoundwa ikaandika hayohayo: uzembe wa fundi. Hakuna aliyeuliza nani alimtuma. Vyuma vilivyokatika vilizolewa wiki ileile vikapelekwa kuyeyushwa, kwa hiyo hata cha kuonyesha hatukubaki nacho.

Sasa sikia kilichotuua sisi tuliobaki. Mama yangu aliyaamini maneno yale. Kila mwaka, mwezi uleule, anavaa viatu vyake vya kutokea, anakwenda kwa mjane wa mpakizi wa kwanza, kisha kwa wazazi wa yule wa pili. Anabisha hodi, anakaa kwenye ncha ya kiti, anaomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Mama wa watu ana miaka sabini na nane, magoti yamevimba kama maandazi. Tulimwambia mara ngapi, mama, hakutaka, aliamrishwa. Anatuuliza swali moja tu, "Ushahidi uko wapi?" Anachukua viatu. "Basi niacheni niende."

Shemeji alinishika mkono jikoni siku mama aliporudi safari ya kwanza. Jicho lilikuwa kavu. "Yule mtu atasema kwa mdomo wake," akaniambia. "Mbele ya mama, na mama akiwa hai." Nikajua hapo hakuna mchezo.

Alianza maabara kama mfagiaji. Alipangusa sakafu huku akitazama wapimaji wanafanya nini, akaokota karatasi walizotupa akazisoma wakati wa chakula. Akajiandikisha masomo ya jioni, akafeli hesabu mara mbili, akarudi mara ya tatu akiwa na hasira ya mara mbili zile. Walimcheka, bwana wee. Eti mjane anataka kujua habari za chuma! Mwaka wa sita wakampa koti la upimaji. Mwaka wa saba alikuwa mkuu wa chumba, na waliomcheka wanamwomba ruhusa ya kwenda kunywa chai. Mimi akanivuta niwe mkata vyuma. Nachukua bamba lililochomelewa, natoa vijiti vya upana wa sentimita moja, urefu kama kidole, na katikati ya kila kimoja nachanja chale ya milimita mbili kamili. Hapo kwenye chale ndipo nyundo inapokitafutia kifo.

Upimaji wenyewe ni hivi. Vijiti vinalala kwenye beseni la spiriti lenye barafu kavu mpaka vifike nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ukikitoa kimoja kwa koleo una sekunde tano tu za kukiweka mahali pake na kuiachia nyundo kubwa inayobembea. Ukichelewa kinapata joto, kinajifanya kigumu kuliko kilivyo, namba inakuwa ya uongo. Nyundo inakivunja, inapanda upande wa pili, na mshale unaonyesha kijiti kimemeza nguvu kiasi gani. Kwa majengo ya huku kwetu kinatakiwa kimeze jouli ishirini na saba. Chini ya hapo, bamba limeanguka na kazi imeanguka nalo. Shemeji anatumia sekunde tatu. Nimewaona vijana wenye digrii wanatumia sita na kutoka jasho.

Akangoja. Miaka kumi na moja. Kila karatasi ya kampuni mpya ikija analisoma jina la mwenye kampuni kwanza, anaiweka chini, anaendelea na kazi.

Jumatatu moja akaja na karatasi kwenye mashine yangu, akaiweka mbele yangu. Nikasoma. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Chapchap siku hizi ana kampuni yake, tumbo lake na gari lake, na alikuwa amepewa kazi ya ghala la baridi la kuhifadhia dawa. Wenye jengo walidai vipimo. Bamba lake lilikuwa limelala kwenye meza yangu, kiungo kimenona, kinang'aa.

"Likate," shemeji akasema. "Kama mengine yote."

Mimi, ndugu zanguni, sikulikata kama mengine yote. Nilikumbuka ile kofia iliyovuliwa msibani, nikasema liwalo na liwe. Badala ya chale ya milimita mbili nikachanja mbili na nusu. Kwa macho huoni tofauti. Lakini kijiti chenye chale ya hivyo hakiwezi kupona hata kama kimechomelewa na malaika. Nikampelekea vyote vitatu huku napiga mluzi.

Nilisahau naongea na nani. Anayo mashine inayokuza kivuli cha chale mara hamsini kwenye kioo, na kila kijiti anakipitisha hapo. Aliviangalia vyote vitatu. Akazima taa ya mashine, akaja, akanipiga kofi la kisogoni, mimi mwanamume wa miaka thelathini na tisa mwenye ndevu.

"Pumbavu! Nimengoja miaka kumi na moja, wewe unataka kumfungulia mlango atoke? Mtu mmoja akizipima chale zako, yeye anakuwa mwonewa na sisi ndio wahalifu. Na kaka yako anazikwa mara ya pili!"

"Je, vikipita?" nikamuuliza. "Ukikata kwa haki halafu vikipita?"

"Vikipita nitaandika vimepita."

"Na mama?"

"Nitangoja bamba jingine," akasema. "Kata upya. Na hivi vitupe mwenyewe, nikikuona."

Nikakata upya, milimita mbili kamili, huku meno yananiuma kwa kuyasaga.

Siku ya kipimo Chapchap alikuja mwenyewe na fundi wake, mzee mwembamba mwenye makovu ya cheche mikononi. Mhandisi wa wenye jengo, mama mmoja asiyecheka, alikuja kushuhudia. Chapchap hakumtambua shemeji. Mjane unamwona msibani kainamisha kichwa, humjui sura. Akampa mkono, "Mama Barafu! Sifa zako tunazisikia. Leo tufanye chapchap, eh?" Shemeji akaupokea ule mkono. Mimi nisingeweza.

Akatoa kijiti cha kwanza. Akiwa na koleo hewani Chapchap akaropoka, "Samahani mama, hapo beseni linasoma ngapi?" Mjanja huyo! Anataka kumpotezea sekunde. Shemeji hakugeuka hata shingo. Kijiti kikakaa, nyundo ikashuka, tak. Jouli nane. Cha pili, kumi na moja. Cha tatu, saba. Akavichukua vipande akamwekea mhandisi kiganjani. Chuma kizuri kikivunjika kinakuwa cha kijivu, kimekwaruzika, unaona kimepigania uhai wake. Hivi vilimeta kama sukari.

Na yule bwana akafanya nini? Akamgeukia fundi wake mbele yetu sote. "Mzee umeniangusha! Mikono imeisha hiyo. Mheshimiwa mhandisi, huyu namfukuza leoleo, naleta fundi mwingine."

Yaani yaleyale! Nilikamata ukingo wa meza.

"Usimfukuze bado," shemeji akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Mhandisi, naomba huyuhuyu fundi achomelee bamba jingine hapahapa kwetu. Chuma kilekile, vijiti vilevile vya kuchomelea. Ila afuate karatasi. Tabaka tisa, na kila moja ipoe. Tutajua kama mikono imeisha."

Chapchap akasema hana muda. Mhandisi akamwambia muda huo ni wake yeye, na yeye anao.

Mzee yule alichomelea kutwa nzima. Tabaka moja, anaweka chini, anapima joto, anangoja, anashusha kinga ya uso, anaendelea. Nilikuwa namwangalia mgongo wake, nikamwona kaka, nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya matanki. Kesho yake nikakata, na milimita zangu zilikuwa takatifu. Beseni, koleo, nyundo. Sabini na nne. Themanini na moja. Sitini na tisa. Cha pili hakikuvunjika vizuri hata; kilijikunja kikabaki kimeshikilia kwa upande mmoja. Fundi alikalia kiti bila kukaribishwa, akafuta uso kwa kofia.

"Mikono ileile," shemeji akasema. "Basi tuangalie bamba la kwanza lilikuwa na nini."

Hapo ndipo alipomkaba. Nilikuwa nimeshakikata kiungo cha lile bamba la kwanza kwa ubavu na kukisugua mpaka kikawa kioo. Akapaka tindikali mbele ya mhandisi. Ukifanya hivyo tabaka zinajitokeza zenyewe, unazihesabu kama kitunguu kilichokatwa. Mhandisi akainama akahesabu. Haikumchukua muda. Zilikuwa mbili.

"Nani aliamuru?" akauliza.

Fundi akamtazama bosi wake, kisha akaitazama ile kazi yake ya pili pale mezani. "Huyu. Nilimwambia haifai. Akasema nje wako wengi."

Chapchap akaanza kucheka kile kicheko cha kutafuta pa kupitia. Shemeji akamsogelea. Ni mfupi kuliko yeye, lakini siku ile niliona bwana yule anainua shingo.

"Na ghala la nyama," akamuuliza, "lile lililoua watu watatu. Pale ziliwekwa ngapi?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani..."

"Nimekuuliza ngapi. Mimi ni mke wa fundi wa pale."

Sijapata kuona damu inamkimbia mtu usoni vile. Mhandisi akaweka kalamu mezani, akasema majengo yote aliyowahi kusimamia yatakaguliwa kiungo kwa kiungo, tindikali ipo, kwa hiyo aamue kama anataka kusema mwenyewe au vyuma viseme kwa niaba yake.

"Mbili," Chapchap akasema.

"Sikusikia."

"Mbili! Niliamuru mbili."

Mhandisi akaandika, akamsainisha. Kazi ya ghala la dawa ikamtoka palepale, na faili lake likaondoka na mhandisi kwenda kwa wakubwa. Mtu atasema hapo ilitosha. Kwa nani?

Jioni, tunafunga, Chapchap akatufuata uwanjani. Sauti imekuwa ya mtoto. Amesikia kuna mama mzazi wa marehemu, mtu mzima, mcha Mungu. Kama mama yule angekubali kumsamehe na kuweka neno, labda wakubwa wangemwonea huruma. Nilitaka kumrukia. Shemeji akaniwekea mkono kifuani.

"Twende," akamwambia. "Ndiye hasa ninayetaka umwone."

Mama alikuwa sebuleni anachambua dengu. Chapchap akapiga magoti kabla hajaambiwa, akasema amekuja kuomba radhi, maana pale ghalani makosa yalitokea.

"Yalitokea yenyewe?" shemeji akauliza kutoka mlangoni.

Basi akasema. Tabaka tisa, tabaka mbili, nani aliamuru. Mama aliweka ungo pembeni. Hakulia. Alimuuliza mambo mawili tu.

"Mwanangu alikwambia haifai?"

"Aliniambia, mama."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia... nje wako mafundi wengine."

Mama akamtazama muda mrefu. Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu kwenye paja lake na haukipati. "Miaka kumi na moja," akasema, "nimeingia nyumba za watu na magoti haya, nikimsema mwanangu vibaya kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwanangu! Aliyekwambia haifai! Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakula, unalala, unanenepa."

"Nisamehe, mama."

"Mimi? Mimi ni wa mwisho kwenye foleni." Akamgeukia shemeji. "Nipe viatu vyangu."

Tukamwambia ametembea vya kutosha, tutampeleka sisi. Akavaa viatu, akamshika Chapchap juu ya kiwiko kama anavyoshikwa mwizi wa kuku, akatoka naye, sisi nyuma. Alitembea mtaa mzima vile, hodi kwa majirani hakupiga, salamu alizipokea bila kusimama.

Mjane wa yule mpakizi alifungua mlango, akamwona mama, akashangaa. "Karibu mama, lakini mbona huu si mwezi wako? Tulishakwambia tumemsamehe kijana wako, usijichoshe."

Mama akamsukuma Chapchap mbele, mpaka kizingitini.

"Leo sikuja kuomba," akasema. "Kijana wangu hakuwa na kosa, nirudishieni msamaha wenu. Mwenye kosa ni huyu. Muulize akwambie mumeo alikufaje, na mimi nasimama hapa mpaka amalize."